Ghala la Ngozi la Asho

Siku alipoitwa gerezani, Batula alijitanda shuka mbili ingawa jua la Isiolo lilikuwa limeshawaka. Hakutaka mtu auone mkono wake wa kushoto, ule uliounga vibaya.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame. Mumewe Gollo alibakiza wiki mbili kumaliza kifungo cha kumvunja mkono huo. Swali lilikuwa kama arudi nyumbani, mtaa wa Bula Pesa, na jibu lilikuwa la Batula. Akikubali, angetia kidole gumba kwenye karatasi. Akikataa, Gollo angepelekwa kwa kaka yake kule Biliqo, mbali kaskazini.

Aliyemwita ni Sajini Ekidor, Mturkana mpole asiyewahi kusomea kazi ya kurekebisha wafungwa. Alikuwa amechoka kuwaona wanaume wakitoka na kurudi kwa kosa lile lile, akabuni njia yake. Kila Ijumaa, mfungwa aliyempiga mkewe alisimama mbele ya wenzake akasimulia siku ya kosa kana kwamba yeye ndiye mke. Akikosea, alianza upya. Na ili asidanganye, Ekidor aliwaendea wake wenyewe akaandika maneno yao kwenye daftari. Kwa Batula alikaa kutwa nzima akinywa chai na kuuliza taratibu. Batula akamwambia yote, maana alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu.

Sasa Gollo alisimama uani, amekonda. Mfungwa mmoja akamtania, "Haya bibi arusi, anza, tunakusikiliza." Wengine wakacheka. Ekidor akawatazama tu, wakanyamaza.

"Mimi ni Batula," Gollo akasema, macho chini. "Nilikuwa nafukiza kibuyu cha maziwa. Gollo akaingia. Nilijua kwa viatu vyake kwamba leo ni leo."

Batula akahisi kifua kikilegea kidogo. Miaka kumi na mmoja alikuwa akivisikiliza viatu vile, na Gollo hakuwahi kujua.

Gollo aliendelea: kibao, mwiko uliovunjika, kisha mkono. Sauti yake ilikatika mara mbili, naye hakujitetea popote.

"Nikatoka kwa mlango wa nyuma," akasema. "Nikaingia ghala la ngozi la jirani yangu Asho, nikalala chini ya ngozi mpaka asubuhi. Huko ndiko nilikokimbilia siku zote."

Miaka yote Gollo alimtafuta Batula kwa dada yake, msikitini, hata mtoni. Hakuna mtu ambaye angefikiri mwanamke atalala kwenye uvundo ule. Aliyejua ni Asho peke yake. Asho, na daftari.

"Umesikia, mama?" Ekidor alikuwa anatabasamu. "Hakuna neno lililopotea." Akamsogezea karatasi na wino.

Kidole cha Batula kikabaki hewani.

"Afande," akasema polepole, "hilo la ngozi, ni wewe ulimwambia?"

Tabasamu la Ekidor likafifia. Akafungua daftari, akageuza kurasa mbili tatu, akalifunga. Alitaka kila neno liwe la kweli, na hakuwahi kufikiri kwamba moja lilipaswa kufichwa. Akashika njia yake aliyoizoea.

"Gollo. Batula anaogopa nini sasa?"

Gollo akainua kichwa. Safari hii hakuna aliyemcheka.

"Mimi ni Batula," akasema. "Naogopa kwa sababu Gollo anapajua mahali pangu pa kujificha." Akamgeukia Ekidor. "Afande, nipeleke Biliqo."

Ndipo Batula akamtazama usoni. Huenda alikuwa amebadilika kweli. Na huenda mtu anayeijua hofu yako vizuri hivyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Alimwangalia sana, asiweze kujua ni lipi. Akairudisha karatasi bila alama.

Hakurudi kwa njia yake ya kawaida. Alipitia mitaa ya nyuma ya soko, akitazama nyumba moja moja, ipi ina ghala, ipi ina mlango wa pili. Biliqo ni mbali, alijiambia. Lori lililojaa mbuzi likapita, limetoka upande wa Biliqo, likasimama mbele kidogo; vumbi likamfunika, naye akasimama ukutani mpaka akawaona wote walioshuka.