Nepi Zenye Mfuko

Aliyeanzisha yote ni mbwa wa jirani. Gari la taka lilikuwa halijapita wiki ya pili, pipa la nyuma ya nyumba limefura mpaka kifuniko kinakaa upande, na mbwa yule, ambaye hata mwizi hajawahi kumbwekea, aliingia kwenye chumba cha kushonea cha Fundi akiwa na pampasi iliyotumika mdomoni. Akaiweka chini taratibu, mbele ya bwana harusi mtarajiwa aliyesimama juu ya kigoda akipimwa urefu wa suruali, kisha akatikisa mkia kusubiri asante.

Bwana harusi akaziba pua kwa tai. Fundi hakusema neno, maana mdomo wake ulikuwa umejaa pini. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alishagundua zamani kwamba mumewe hujaza pini mdomoni hata pasipo na nguo ya kubana, mradi tu kuna neno ambalo ni heri libaki ndani.

Jioni ile alizitema, na maneno yakatoka.

"Kuanzia sasa sitaki kuona pampasi humu ndani. Mimi ni fundi wa suti. Mtoto wangu anavaa vya dukani, tena vya kutupwa, watu watanielewaje? Nitamshonea nepi za kitambaa kwa mkono wangu."

"Umewahi kushona nepi?" mkewe akauliza.

"Nimeshona suti za mahakimu!"

"Mahakimu wanakwenda chooni wenyewe, mume wangu."

Lakini Fundi alikuwa ameshavimba kichwa. Paketi ya pampasi iliyobaki aliigawa palepale kwa jirani mwenye mapacha, akabakiza mbili tu za kuvuka Jumapili, ili asiwe na pa kurudi nyuma. Mtu akitaka kujifunga kamba shingoni, humzuii.

Na kamba yenyewe ilikuwa nene kuliko alivyofikiri. Jumatatu likizo ya uzazi ya mkewe ilikuwa inakwisha. Mama mkwe alikuwa ameshatoa uamuzi: mtoto aende kwake, ng'ambo ya mji, Jumatatu mpaka Ijumaa, wazazi wamwone mwisho wa wiki. Fundi alikuwa amekataa. Alisema atakaa naye yeye, palepale penye cherehani. Walimsubiri mtoto huyo miaka minane, na alipokuja walimpa jina la nyumbani la Bosi, kwa kuwa tangu siku ya kwanza hakuna aliyekula wala kulala bila idhini yake. Fundi hakuwa tayari kumtembelea Bosi wake kama mgeni, akibeba maandazi kwenye mfuko. Wazo hilo lilimuuma kabisa, kifuani, mahali ambapo chaki haifiki.

Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, baba. Nakupa wiki. Nitakuwa napita. Siku nikimkuta mjukuu wangu hana raha, siulizi mara mbili."

Basi Jumapili nzima Fundi alishona. Alimpima Bosi kwa futi kamba kama anavyompima mteja: kiuno, nyonga, paja, akaandika kwenye daftari. Bosi akaikojolea futi kamba. Kisha akatoa kitambaa chake bora kuliko vyote, kile cha bluu nzito ambacho huwatolea wateja wa heshima. Kila mteja alionyeshwa mchezo uleule: Fundi anamwaga maji kidogo juu ya kitambaa, maji yanakusanyika yakiwa matone, yanateremka, kitambaa kinabaki kama kilivyokuwa. "Mwagia chai," husema, "chai inaomba radhi, inaondoka." Kwa kitambaa hicho alimkatia mwanawe nepi sita. Akazitia bitana ya kuteleza, vifungo viwili kila upande, na nyuma mfuko mdogo uliopigwa pasi ukakaa sawasawa.

"Mfuko wa nini?" mkewe akauliza.

"Suruali bila mfuko ni gunia."

Mwalimu akatazama zile nepi, akamtazama mumewe, akaamua kwamba hesabu nyingine mtu huzikokotoa mwenyewe.

Jumatatu saa nne asubuhi mama mkwe alitokea bila taarifa, amevaa gauni lake la zambarau la kuendea vikao. Akamkuta Bosi ameegemezwa kwenye kapu la vipande vya nguo, kavaa nepi ya bluu, kapendeza hata angeweza kuhukumu kesi. Mama mkwe alijizuia kutabasamu, hakuweza. Akampakata. Fundi akajipiga kifua kimoyomoyo.

Hazikupita dakika tano. Kilichotoka kwa Bosi hakikukaa kwenye nepi hata kwa kufumba na kufumbua. Kiliteleza kwenye bitana, kikateleza kwenye bluu, kikatokea mapajani na kumwagika kwa bibi, kuanzia magotini mpaka viatuni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama mkwe akasimama. Akamshika mjukuu kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaipapasa nepi, ndani na nje.

"Nepi kavu," akasema polepole. "Mtoto kalowa. Bibi kalowa. Nieleze, fundi, nepi hii imekuja kufanya nini hapa duniani?"

Fundi akafumbata kopo la pini, akatia saba mdomoni.

"Jumatano narudi," mama mkwe akasema. "Na begi."

Usiku huo mkewe alisema atanunua pampasi kesho akitoka shule. Fundi akakataa. Mama mkwe akimkuta na pampasi baada ya kujigamba kote kule, atamwona muongo, na muongo hakabidhiwi mtoto. "Basi muulize mama mapacha," mkewe akasema. "Mficha uchi hazai." Fundi akasema ataona. Maana yake ni kwamba hataki.

Jumanne aliongeza bitana ya pili. Ikawa vibaya zaidi, kwa kuwa sasa njia za kuteleza zilikuwa mbili. Kufikia mchana Bosi alikuwa amelowesha kapu, vipande vyote vya kapuni, na daftari la vipimo. Akawa analia kwa hasira, na Fundi, aliyekuwa mezani akipiga pasi suti ya bwana harusi, ya bluu ileile, aligeuka kwa pupa kumwendea, kiwiko kikagonga kikombe cha chai. Kikombe kizima, kimejaa.

Alilidaka koti kwanza. Salama, chai ilikuwa imeomba radhi na kuondoka. Akainama kuifuta sakafuni. Sakafu kavu. Akatazama chini ya meza, kwenye viatu vyake, hata nyuma ya cherehani. Chai haipo.

Ndipo macho yake yalipotua kwenye kitambaa cha meza ya pasi. Lilikuwa shuka la pamba, kuukuu, jeupe zamani hizo, limekunjwa mikunjo minne. Kwa miaka kumi na moja alikuwa analinyunyizia maji kutwa nzima, na halijawahi kudondosha tone hata moja kwenye kiatu chake. Alilikamua. Chai yote ikarudi kwenye kikombe, pungufu kidogo tu.

"Bosi," akasema kwa sauti ya chini, "baba yako ni mjinga."

Bosi aliacha kulia, akamtazama kama anayesubiri aendelee.

Fundi akalitoa shuka mezani, akalichemsha, akalisuuza maji matatu, akalianika juani. Halafu akapiga moyo konde, akabeba mtoto na shuka, akaenda kugonga kwa mama mapacha kuuliza nepi inakunjwaje. Mama mapacha alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alimfundisha: kipande cha mraba, mikunjo mitatu katikati, basi. Hakuna kifungo, hakuna bitana. Iliuma kidogo. Lakini njiani kurudi Fundi alipata wazo, akakaza mwendo. Alizifumua nepi za bluu, akatupa bitana, akatia mpira mapajani, na ndani ya kila moja akalaza mraba wa shuka. Kinachokunywa kikae ndani, kinachokataa maji kikae nje kilinde mlango. Mfuko hakuutoa.

Jumatano mama mkwe alikuja na begi kubwa la kahawia, gauni lilelile limefuliwa. Alikaa kwa uangalifu mno, na alipokaa kukasikika kitu kikichakarika. Fundi alidhani ni kiti. Akampakata Bosi, akampa chupa nzima ya maziwa, akatulia, macho kwa mkwewe kama msimamizi wa mtihani.

Nusu saa. Saa nzima. Fundi alikuwa ameshona mshono mmoja mara tatu na kuufumua mara mbili. Bwana harusi alikuja kuchukua suti, akaambiwa asubiri, naye akasubiri bila kujua anasubiri nini. Kisha Bosi akaacha kucheza na kidole cha bibi. Macho yakaangalia mbali, ukutani, hata nyuma ya ukuta, kwa utulivu ule ambao kila mzazi anaujua. Akatikisika kidogo.

Mama mkwe hakusogea. Alihesabu pumzi kadhaa, halafu akapitisha mkono chini ya mtoto. Akaupitisha tena. Akamlaza mezani, akafungua vifungo. Mraba wa ndani ulikuwa mzito kwa maji. Bluu ya nje ilikuwa kavu.

"Hii nyeupe ina kovu la pasi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huu mfuko?"

"Suruali bila mfuko, mama, ni..."

"Nyamaza."

Akasimama, akaingiza mkono ndani ya gauni, akavuta. Likatoka karatasi la nailoni, refu kama kitambaa cha meza ya wageni wanane, likichakarika njia nzima. Bwana harusi akageukia ukuta. Mama mkwe akalikunja bila haya yoyote, akafungua begi alitie.

Fundi aliona yaliyomo. Blanketi dogo jipya, la njano. Kikombe chenye mikono miwili. Njuga. Vyote vipya, vimepangwa na mtu aliyevipanga zaidi ya mara moja. Mama mkwe alifunga begi haraka, lakini uso wake ulikuwa umeshasema. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na mtu mmoja. Fundi alikuwa ameshinda, lakini safari hii hakujipiga kifua.

"Mama," akasema, "nepi ni sita tu. Nifue, nianike, nishone, nimbebe Bosi. Mikono yenyewe miwili. Kesho ungeweza kupita?"

"Nina shughuli zangu mimi."

Alhamisi Fundi alipofungua mlango alimkuta kakaa kizingitini. Hakuwa na begi, wala hakuchakarika. Kikombe cha mikono miwili kilikuwa mkononi.

Alishika kazi bila kuuliza. Alifua, akaanika, akamfunga Bosi nepi kwa mkunjo wake wa zamani, na ile bluu ya juu akaiweka pembeni. "Nimelea saba bila haya makoti," akasema.

Saa sita kasoro gauni la zambarau lililowa, kuanzia magotini mpaka viatuni.

Mama mkwe akainua macho, akamtazama Fundi. Fundi hakuwa na nguo yoyote mkononi, wala mteja kigodani. Alinyoosha mkono kwenye kopo, akachota pini, akajaza mdomo.

"Sema," mama mkwe akasema.

Fundi akatikisa kichwa.

"Sema tu, baba, nimekuruhusu."

Akaongeza pini mbili. Kisha akachukua ile nepi ya bluu pale pembeni, akampelekea kwa mikono miwili. Mama mkwe akaipokea, akaigeuza, akaingiza kidole kwenye mfuko wa nyuma kuona kama ni wa kweli. Ulikuwa wa kweli.