Kilio cha Seva ya Jhelum

Seva ya ofisi moja ya mitihani mjini Jhelum, Pakistan, ililia kila alasiri, kwa nidhamu kuliko wafanyakazi wote. Umeme uliporudi baada ya mgao, kompyuta zote ziliamka kwa pamoja, zikabisha hodi kwa nywila zilizokwisha muda, na kumbukumbu za seva zikajaa makosa mekundu. Zarmina, msimamizi wa seva hiyo, hakushtuka. Aliacha kilio kipite akaenda kunywa chai.

Kisha alama za mtihani za Mahnoor, mdogo wake karani Tufail, zikapanda zenyewe siku moja kama unga wa mkate wa naan. Mkurugenzi Bukhari akachungulia yale makosa mekundu, akapauka.

"Tufail kadukua seva! Nampeleka polisi."

"Bosi, hicho ni kilio cha umeme," Zarmina alisema. "Kompyuta ikiamka hurudia nywila yake ileile ya zamani, kama kasuku. Hata yako inalia."

"Yangu ina adabu!"

"Nipe mpaka jioni, nitakuandikia ripoti."

Tufail, aliyemfundisha Zarmina kazi na kumwombea ajira, alimsubiri mlangoni. "Dada, ukiniokoa nakununulia biriani."

"Ya kuku, si ya shingo kama mwaka jana."

"Shingo ni sehemu ya kuku, we mlafi."

Zarmina akafungua kumbukumbu za siku alama zilipobadilika. Makosa yalikuwepo, saa ileile ya umeme kurudi. Akapumua. Akaandika kwamba hayana madhara, akafika kwenye tarehe, mkono ukasita.

Siku hiyo Pakistan ilicheza kriketi na India. Siku ya mechi hiyo hakuna anayethubutu kukata umeme, mji ungeteketea. Yeye mwenyewe alikuwa kantini, feni ikizunguka juu ya vichwa vyao mpaka mpira wa mwisho. Basi kompyuta ziliamshwa na nini?

Akasoma upya, polepole. Hazikuwa kompyuta zote. Ilikuwa moja, ikibisha kwa jina la msajili wa alama, kila mara kwa nywila tofauti. Kasuku habadilishi maneno. Chini kabisa, mstari mmoja haukuwa mwekundu: mlango ulifunguka.

Akatoka nje.

"Siku ya mechi ulikuwa wapi, kaka?"

"Moyo wangu hauwezi mechi, si unajua."

"Umeme haukukatika siku ile, Tufail."

Tabasamu la Tufail likafifia taratibu.

"Mahnoor alisomea kwenye giza la mgao," alisema mwishowe. "Wenzake walisomea kwenye mwanga wa jenereta. Nimesawazisha tu, dada."



Bukhari akaita kutoka ndani. Alikuwa ameshalainika, alikwishaona kompyuta yake ikilia. "Haya, nimekubali, ni umeme tu. Tia sahihi twende nyumbani."

Zarmina akaingia. Kalamu ilikuwa mezani. Tufail alisimama mlangoni, hakumtazama.

"Bosi," Zarmina alisema, "siku ile mimi na wewe tuliangalia mechi pamoja."

Bukhari alifungua kinywa aseme habari za mechi, kisha akakumbuka feni ya kantini ikizunguka. Tufail akaanza kuvua kitambulisho shingoni.