Nishikeni

Tangu asubuhi kifua kilikuwa kinambana Malenga, na katika nyumba yake ya vyumba kumi na kimoja hakukuwa na mtu wa kumwambia. Mpishi huandaa meza akaenda zake. Ukutani amejaa yeye mwenyewe, akipeana mikono na wakubwa.

Alimwambia dereva. "Kifua kinanibana, na mkono wa kushoto umekufa ganzi."

Dereva akacheka kwa heshima. "Hayo ni mashairi yanataka kutoka, bosi. Leo watakoma."

Haya basi. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini huyu hakuficha. Tatizo, kila alichosema watu walikiona pambo.

Garini alimpigia dada yake, fundi cherehani. Zamani shairi halikutoka nyumbani mpaka dada alisikie, akihesabu silabi za kila mstari kwa vidole, pini mdomoni. Ikipungua hata moja: "Rudi ukalishone, mdogo wangu." Malenga alipopata ukubwa aliona haya kusahihishwa na mshona sare za shule, akaacha kwenda. Mwaka wa sita huu. Simu iliita mpaka ikakatika. Cherehani ina kelele, alijiambia, na alijua anajidanganya.

Ukumbi ulifurika. Desturi yake ilijulikana: mstari wa mwisho wa kila ubeti, watu wote humrudishia. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, jasho likamwingia machoni. Wa tatu, maumivu yakampanda hadi kwenye taya, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Aliogopa, tena sana, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Jamani nishikeni, naanguka," alisema.

"Jamani nishikeni, naanguka!" ukumbi ukamrudishia.

Akatikisa kichwa. "Si shairi hili. Nakufa."

"Si shairi hili! Nakufa!"

Akaanguka. Watu wakasimama kumpigia makofi, na dereva, pale karibu na mlango, alikuwa anafuta machozi kwa utamu. Penye wengi hapaharibiki neno, eti.

Akiwa chini kwenye zulia aliuhesabu ule mstari wake wa "nishikeni" kwa vidole: saba, kisha nne. Haukuwa na mizani wala vina. Dada angejua papo hapo.

Mfukoni simu ilianza kutetemeka. Alijua ni nani, lakini mkono haukwenda, na ukumbi ulikuwa bado unaitikia.