Jiwe la Bridget Tiernan

Jumamosi saba Annonciata alizimaliza makaburini, na mvua ya London haikumwonea huruma hata mara moja. Alikuwa akimtafuta mwanamke asiye ndugu yake wala wa kabila lake: Bridget Tiernan, Mwayalandi, aliyekufa mwaka 1931 akaacha binti wa miaka sita. Binti huyo sasa alikuwa ajuza, Bibi Nora, na Annonciata ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha katika fleti yake ya Kilburn.

Madaktari walikuwa wamekwisha kumrudisha Nora nyumbani, na kila mtu alijua maana yake. Ombi lake lilikuwa moja tu.

"Wanizike na mama yangu," alisema. "Watawa walinichukua siku ya pili yake, hata kaburi sikuonyeshwa. Wewe una miguu, Annonciata. Nitafutie."

Annonciata naye mama yake alibaki Bukavu mwaka wa vita, na hakujua alilazwa wapi, au kama alilazwa. Ombi kama hilo hakuweza kulisikia akaendelea kukunja mashuka.

Jumamosi ya saba alikuta jiwe limeinama, limeliwa na kuvu. Akalisugua kwa brashi na sabuni ya vyombo mpaka herufi zikatoka: Bridget Tiernan, 1931. Mstari wa umri ulikuwa umebomoka. Hakujali. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba ana lake, mama ana lake, wala jina moja halibebwi na ukoo mzima. Majina mawili yamekutana juu ya jiwe moja, na mwaka ndio huohuo, sasa atakuwa nani mwingine?

"Nimemwona," alimwambia Nora. "Nimemwosha mpaka anang'aa."

Nora akalia, kisha akaomba yai. Wiki tatu alikuwa hajagusa yai.

"Majirani zake wazuri?"

"Kulia ana mjane, kushoto ana padri."

"Padri! Maskini mama. Padri akipiga hodi, yeye alikuwa akijificha nyuma ya pazia."

Walicheka wote wawili mpaka Nora akapaliwa.

Jumatatu Annonciata aliomba ruhusa kazini, akaenda ofisi ya makaburi kupanga mazishi. Hata Mungu wake alimshukuru pale mlangoni, kwa sauti, na kwa Kiswahili. Karani mezani akainua kichwa. Alikuwa Mhindi mkazi wa Stanmore, pembezoni mwa jiji, mzaliwa wa Kisumu, jina lake Hansa.

"Karibu mama! Mkongo wewe, nasikia kinavyoimba hicho Kiswahili." Annonciata akamweleza ombi la Nora na jiwe alilolipata, naye Hansa akacheka. "Ala! Sasa Mkongo na Mwayalandi wapi na wapi?"

"Na Mhindi na makaburi ya Wazungu, dada, wapi na wapi?"

"Haya, nimenyamaza."

Hansa akashusha daftari kubwa linalonuka unyevu. Kidole chake kikateremka ukurasa, kikasimama. Tabasamu likamfutika usoni.

"Mama, huyu wa jiwe alikuwa na miaka sabini na mmoja. Mama yake Nora alikufa na mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Basi siye."

"Lakini jina ndilo! Kwani wako wangapi?"

"Mwaka huo peke yake, wawili. Hawa jina la ukoo wanalibeba wote, mama, na Bridget kwao ni kama Atieno kwetu Kisumu."

Wa pili alikuwa ukurasa uliofuata. Miaka ishirini na tisa. Kaburi la pamoja, watu kumi na mmoja. Jiwe, hakuna.

"Si kitu," Annonciata alisema. "Nionyeshe mahali tu. Tutamlaza binti yake hapohapo."

"Sehemu ile ilijaa zamani. Wakaleta udongo wa nje kwa malori, wakaiinua futi sita, wakazika wengine juu. Na hao nao wamejaa. Haingii mtu, mama. Pole."

Ndani ya basi alifikiria kunyamaza. Lakini fomu ya mazishi ilitaka namba ya kaburi na sahihi ya Nora, na namba haikuwepo. Alipofika alikaa kitandani kwa Nora, akamshika mguu, akamwambia yote.

Nora aligeukia dirisha.

"Kumi na mmoja," alisema. "Na yule bibi uliyemsugua?"

"Anang'aa."

"Basi kuna aliyefaidika."

Yai hakuomba tena. Siku ya tisa alikufa.

Halmashauri ya mtaa ilimpatia nafasi katika makaburi mengine, mbali, mwisho wa njia ya treni. Asubuhi ya mazishi Annonciata alipita kwanza kwenye ile sehemu iliyoinuliwa. Aliinama ukingoni, akachimba kwa kijiko, akafunga udongo ndani ya leso. Hata wakikosa kulala pamoja, alijiambia, mtoto afunikwe na udongo wa mama yake.

Alikuwa amefika kituo cha basi ndipo maneno ya Hansa yalipomrudia. Udongo huu ulikuja na malori. Wa Bridget uko futi sita chini.

Basi likaja, mlango ukafunguka.

"Unapanda au hupandi?" dereva aliuliza.

Alipanda, leso mkononi, kwa kuwa mazishi yalikuwa saa nne na hapakuwa na mtu mwingine wa kwenda.