Sauti ya Juu Aliyoiruka Colman

Kila Jumamosi saa tisa alasiri wanagenzi wanane walikaa duara katika ukumbi wa parokia, fidla kidevuni, na kila Jumamosi Colman Garrihy aliwaambia lile lile: "Karatasi tieni mfukoni. Hapa tunatumia masikio."

Anapiga kipande kifupi, wanakirudia. Anapiga tena, wanarudia, polepole hadi mtu asiyehusika angeweza kusinzia. Aliyekosea hakukaripiwa. "Fintan, umemkanyaga paka?" Colman aliuliza, na Fintan akawa wa kwanza kucheka.

Dympna Considine hakuwa mtu wa kucheka sana. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hakufuata burudani pale. Baba yake, Murt, mpiga fidla aliyetamba katika pembe ile ya jimbo la Clare, alikuwa kitandani, siku zake zikihesabika. Murt alimfundisha mwanawe wa kiume, ambaye hata hakutaka. Binti alipoomba, aliambiwa akaangalie viazi jikoni. Sasa Dympna alitaka kitu kimoja tu kabla mzee hajafumba macho: ampigie jigi, wimbo wa kuchezea dansi, ambalo baba alikuwa akilipiga ujanani, naye amwambie umepiga vizuri. Basi. Na jigi lenyewe ndilo Colman alilokuwa akiwafundisha tangu vuli ianze.

Wiki ya saba, Jumapili baada ya misa, alivuta kiti kando ya kitanda akapiga. Murt alisikiliza macho yamefumbwa. Wimbo ulipofika sehemu ya pili, akainua mkono.

"Hapo umeruka."

"Sijaruka, baba. Ndivyo ulivyo."

"Ulivyo wapi? Hapo wimbo unapanda, wewe unaupitisha uchochoroni!" Akaiimba ile sauti ya juu kwa koo lililokauka, na Dympna akaona haya, maana wimbo mzima ulikuwa ukiitafuta sauti hiyo. "Nani kakufundisha upuuzi huu?"

"Colman Garrihy."

Murt akafumbua macho.

"Kidole chake kidogo," akasema. "Bado hakikunjuki?"

Hapo Dympna akaelewa. Kidole kile cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekakamaa tangu zamani, hakifiki kwenye ile sauti, kwa hiyo Colman aliizunguka. Na watu wanane wenye vidole vizima wakajifunza kilema chake kwa bidii kubwa. Alitaka kucheka. Baba yake hakuwa akicheka.

"Ule mlango wa gari uliokiponda niliufunga mimi."

"Najua, baba. Colman hutusimulia. Anasema ulimkimbiza hospitali huku unalia."

"Nililia kweli. Lakini mkono niliuona, Dympna. Niliuona kabla sijaubamiza. Bendi ilikuwa inakwenda Amerika, inataka fidla moja, na yeye alikuwa ananishinda."

Dympna akaulaza upinde wa fidla magotini.

"Kamwambie," Murt akasema. "Nataka neno lake kabla sijaondoka. Lolote. Na wewe..." Akavuta pumzi. "Umepiga vizuri. Mkono wako unampita kaka yako mbali."

Neno lenyewe ndilo hilo. Alilingojea miaka arobaini, na lilipomfikia alitamani kulirudisha lilikotoka.

Wiki nzima alijiambia atanyamaza. Nani angejua? Lakini Jumamosi, wenzake walipokwisha kutoka, Colman alimsogelea huku akipanga viti. "Mzee anaendeleaje? Mwambie namwombea kila siku. Mtu mwema sana, baba yako."

Dympna hakuweza kuvumilia hilo. Akayasema yote kwa pumzi moja.

Colman akaweka kiti chini. Akakitazama kidole chake kidogo.

"Miaka arobaini na minane nilikuwa na ajali," akasema. "Ajali mtu anaishi nayo. Hata siku ya harusi yangu nilisimama nikamshukuru mbele ya watu. Sasa umeniletea nini, dada yangu? Hii niipeleke wapi?"

"Anaomba neno lako tu, Colman. Hata tusi."

Colman akavaa koti, akamwacha amalizie viti peke yake.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa umefungwa. Wanagenzi walisimama mvuani na fidla zao, wakiulizana kama mwalimu anaumwa. Dympna alikuwa miongoni mwao, na yeye peke yake alijua sababu.

Nyumbani Murt aliuliza kila asubuhi. "Colman kasema chochote?"

"Bado, baba."

Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, mzee alijaribu kuinua kichwa, akidhani ni Colman. Dympna angeweza kumtungia neno. Hapakuwa na wa kumkanusha. Usiku na mchana aliutafuta uongo huo, akaupata, tena mzuri, lakini kila alipotaka kuutoa aliuona uso wa Colman pale kwenye viti, akauacha. Alimhurumia baba yake, na alimchukia, na alimlisha uji kwa kijiko.

Murt alingojea siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hakuuliza tena, na jioni yake Dympna akampigia simu padri aje kumpaka mzee mafuta ya wagonjwa.