Tabaka Laini

Mchana majeshi mawili ya kigeni yalipoanza tena kurushiana mabomu juu ya mto, Kavugho alilala koridoni kama Kisangani yote ilivyokwisha kujifunza: wakubwa pembeni, mtoto katikati, godoro juu yao. Upande wa pili alikuwa mjomba wake, tonton Mumbere, na kati yao Olga, bintiye Mumbere.

Kavugho hakutulia. Chuo alikofundisha fizikia kilikuwa kimefungwa, lakini akili yake ilikuwa ingali kwenye ile fuwele aliyoichunguza: matabaka magumu ya madini, na katikati yake tabaka laini la molekuli za kaboni. Tabaka gumu likitetemeka, jirani yake hapati habari. Lile laini linaliua tetemeko. Ndivyo alivyoandika, na alijivunia sentensi ile.

Bomu likaanguka karibu, vumbi la dari likawamwagikia. Kutoka upande wa Mumbere hakukupita hata mtikisiko.

"Tonton, uko unaogopa?"

"Bon, nitaogopa nini? Ulale tu."

Kavugho akanyoosha mkono juu ya mtoto, amshike bega mjomba huyo jasiri. Bega lilikuwa likitetemeka kama bati lililong'oka misumari.

Akaurudisha mkono polepole, akauweka kifuani pa Olga. Mtoto alikuwa kimya, macho wazi, meno yameumana, na moyo wake ulikwenda mbio kuliko mioyo ya wote wawili.

Tetemeko halikuwa limekufa. Lilikuwa limemezwa, na aliyelimeza alikuwa na miaka minne.