Miguu Isiyotaka Kuruka

Mwalimu wa darasa la kwanza alipoomba wazazi wajitolee kusaidia mazoezi ya viungo, mama mmoja, fundi cherehani, alijitokeza. Akakabidhiwa Kidoti, binti aliyeshindwa kuruka kwa mguu mmoja. Wiki tatu waliruka wakiwa wameshikana mikono, lakini kila alipomwachia, mtoto aliganda.

"Mama, miguu yangu haitaki," alisema Kidoti.

"Hata yangu haitaki, mwanangu, ila leo hatuiombi ruhusa."

Fundi akavua viatu, akaruka peke yake mbele ya darasa zima, akapepesuka, akaangukia makalio. Watoto wakavunjika mbavu kwa kicheko. Akainuka, akaruka tena. Kidoti naye, huku bado anacheka, akaruka mpaka mlangoni bila kushikwa.

"Sasa turudi," alisema fundi, akihema.